Kizuka wa Mume Aliye Hai

Wiki ya kwanza mwalimu alitukataza kusema. Tulikuwa watu saba, wote tumezoea kuigiza kwa mdomo, kila mmoja anajiona bingwa wa kulia na kugomba. Halafu anakuja mwanamke mfupi kutoka Bagamoyo, anavua viatu mlangoni, anatuambia, "Maneno yatakuja. Kwanza nionyesheni mnavyotembea." Nilimchukia papo hapo. Mdomo ndio mtaji wangu, nyumbani na jukwaani, na kuniambia ninyamaze siku saba ni kunitafutia maradhi.

Tulikuwa tunafanyia mazoezi kwenye ghala la zamani la korosho hapa Lindi mjini. Sakafu yake imenywa mafuta ya maganda mpaka haisafishiki tena, na ukilala chini kwa zoezi unaamka na mgongo mweusi. Mchezo wetu ulihusu mjane anayetolewa nyumbani na shemeji zake kabla hata hajamaliza eda, na mvua zikiisha tungeuzungusha vijijini. Mjane nilipewa mimi kwa sababu, walisema, nina sura ya huruma. Wanaonijua vizuri walicheka sana.

Mwalimu alikuwa na njia yake. Alitupanga ukutani, akasema, "Vukeni chumba, paji la uso likitangulia. Rudini, kifua kikitangulia. Sasa kitovu. Sasa magoti." Kila sehemu ya mwili ukiitanguliza unakuwa mtu mwingine, na huna haja ya kujua ni nani, mwili unakuambia. Mwenzetu aliyecheza shemeji mkubwa alitanguliza kitumbo, mikono akaiweka nyuma, na siku ya pili tu tukaanza kumwogopa, yeye ambaye hata kuku hawezi kumchinja. Mimi nilivuka lile ghala mara mia. Mwalimu anatikisa kichwa tu, anasema, "Bado."

"Bado nini?" nilimuuliza siku moja, tumeshafunguliwa midomo.

"Unalia. Sijakuomba machozi. Nakuuliza uzito wake uko wapi."

"Uko moyoni."

"Moyo siuoni, dada. Nionyeshe mgongoni."

Hapa niseme habari za mume wangu. Ni dereva wa lori. Hubeba jasi kutoka machimbo ya Kilwa kwenda viwandani Dar es Salaam, na akirudi huleta mizigo ya madukani. Safari moja ni siku nne akibahatika, wiki nzima mambo yakienda kombo, na masika ile barabara ilikuwa inakatika kila mara. Tuna miaka tisa ya ndoa. Ni mpole, hana makuu, akiwa nyumbani hukaa barazani akisugua viatu vyake kwa mswaki wa zamani. Nampenda. Naliandika hili mapema ili nisieleweke vibaya huko mbele.

Mwalimu aliponichoka akaniuliza kama namjua mwanamke yeyote aliye edani. Nilimjua. Mama yangu mdogo, Kilwa Kisiwani, alikuwa na mwezi wa pili tangu afiwe. Basi nikapanda basi mpaka Kilwa Masoko, nikavuka kwa boti, mkononi sukari na sabuni, nikamwambia nimekuja kumpa pole. Ilikuwa kweli, lakini nusu. Nusu ya pili nilikwenda kumwibia mwili wake.

Nilikaa naye siku mbili katika chumba cha ndani. Kwetu mwanamke wa eda huitwa kizuka, na miezi minne na siku kumi hatoki, hajipambi, hajipaki manukato, kioo hufunikwa. Nilimtazama kila kitu. Alikuwa hageuzi shingo. Akitaka kukuona hugeuka mabega, kifua na kichwa kwa pamoja. Kikombe alikishika kwa mikono miwili. Akitaka kuinuka aliweka kiganja sakafuni, akangoja kidogo, ndipo goti likafuata. Nilikuwa nahesabu ule mngojeo. Pumzi tatu.

"Mumeo hajambo?" akaniuliza siku ya pili.

"Hajambo, mama. Yuko njiani."

"Mbona unanitazama hivyo tangu jana? Unanitazama kama fundi anayepima dirisha."

Nikacheka, nikasema nilikuwa nimemkumbuka tu. Yeye hakucheka. Akanishika kifundo cha mkono, palipo na bangili, akasema, "Hiki kikao hakitafutwi, mwanangu. Kinakuja chenyewe kwa siku yake." Nilivuka kurudi Masoko nikiizungusha ile bangili kifundoni njia nzima.

Niliporudi ghalani nilimwonyesha mwalimu yote: mabega, kikombe, kiganja, pumzi tatu. Wenzangu walipiga makofi. Mwalimu akajikuna shingo. "Umeniletea nguo zake," akasema. "Mwenyewe umemwacha Kisiwani."

Akanipa kazi ya nyumbani. Kila siku, kwa muda mfupi, nikae na huo mwili peke yangu, bila kumwigizia mtu, mpaka uache kuwa wa kuigiza. Lakini alinionya kuhusu kutoka. Zoezi likiisha nijipigepige kuanzia utosini mpaka nyayoni, nikanyage chini kwa nguvu, nitaje jina langu kwa sauti, na niseme leo napika nini. "Usipotoka sawasawa hutajua umebaki na nini," akasema. Nilimsikiliza kwa adabu. Moyoni niliona ni mambo ya chekechea. Mwanamke mzima nisimame peke yangu chumbani nitangaze mchicha?

Nikachagua saa saba mchana, baada ya sala ya adhuhuri, mtaa wetu wa Mtanda ukiwa umepoa na majirani wamelala. Nilinunua kitambaa cheupe, nikajifunga. Nilivua bangili, nikavua na pete. Kioo nikakifunika kwa kanga. Nikatandika mkeka nikielekea ukutani, nikanyoosha miguu, nikakaa. Siku za mwanzo nilisikia miguu ikifa ganzi na nikawaza mambo ya jikoni. Siku ya tano au ya sita kitu kikatulia. Sikujua ni nini. Nilijua tu kwamba kesho yake, kuanzia saa nne asubuhi, nilikuwa natazama saa.

Na sikutoka. Nilikuwa nainuka tu, navua kitambaa, naendelea na shughuli zangu. Wiki ya pili muuza mboga wa pale njiani, kijana wa watu tunayetaniana naye kila siku, alinifungia bamia kimya kimya, halafu akasema, "Pole dada. Sikuwa na habari."

"Pole ya nini?"

Akababaika. "Si… nilivyokuona unakuja."

Nilimtukana kidogo kwa utani, tukacheka, lakini njiani kurudi nyumbani niligundua kwamba nilipomwitikia nilikuwa nimegeuka mabega, kifua na kichwa kwa pamoja. Nikaogopa. Usiku huo nilimpigia mume wangu simu mara tatu, mara ya tatu akauliza kama kuna tatizo. Nikamwambia aendeshe polepole. Mwalimu naye aliona. "Hutoki," akaniambia asubuhi moja mbele ya wenzangu. "Umeingia naye huyu mwanamke hapa, na mazoezi hatujaanza." Nikamjibu kwamba natoka vizuri sana. Hasira yangu siku zote inanitangulia mlangoni.

Ikaja Alhamisi. Mume wangu alikuwa na siku ya tatu barabarani, na tangu asubuhi mvua ilikuwa haijakata. Saa nane nilikuwa bado mkekani. Mama mkwe wangu akaja kutoka Kitomanga. Hakupiga simu, hajawahi kupiga simu kabla ya kuja, anasema kwa mwanawe haombi ruhusa. Alikuwa amebeba mfuko wa choroko za shambani kwake. Mlango nilikuwa nimeurudishia tu. Alipiga hodi, nami nilimsikia, wallahi nilimsikia, lakini nilikuwa ndani ya zoezi, nikajiambia nimalizie pumzi moja. Ile pumzi moja ndiyo iliyoniharibia.

Alisukuma mlango wa chumba, na mimi nikageuka kama nilivyojifunza.

Akaona kitambaa cheupe. Akaona mikono mitupu na kioo kilichofunikwa. Mfuko ulimponyoka, choroko zikatawanyika mpaka chini ya kitanda. Hakupiga kelele. Alisema kwa sauti ndogo sana, "Lini?"

"Mama, shikamoo, siyo—"

"Mmemzika bila mimi?"

Hapo ndipo kelele ikaja. Sijapata kuisikia sauti ile kwa binadamu, na natumaini sitaisikia tena. Kabla sijasimama majirani wawili walikuwa wamekwisha kuingia, na waliponiona nilivyovaa hawakuuliza kitu. Walikaa chini wakaanza kulia. Nikapaza sauti, "Ni mazoezi! Ni mchezo! Hajafa mtu hapa!" Jirani mmoja akanikumbatia kwa nguvu, akamwambia mwenzake juu ya bega langu, "Mshike huku, bado hajakubali."

Nilivua kile kitambaa mbele yao. Wakaona nimerukwa na akili, wakanifunga tena. Nje nilisikia mabenchi yakiburutwa. Mwanamume mmoja aliuliza turubai la msikitini liko kwa nani. Mtu ukisema mumeo yu hai, na umekaa mkekani kwa nguo za eda, nani atakusadiki wewe aache kuyasadiki macho yake? Tukio la namna hii haliwezi kumpata mtu ila kwetu, ambako msiba hauhitaji kadi wala tangazo. Watu wakiona mkeka na nguo nyeupe wanaleta sufuria.

"Basi mpigieni simu!" nikasema. "Mpigieni!"

Wakapiga. Haipatikani. Nikapiga mwenyewe, haipatikani. Nikapiga tena na tena, na kila ilipokataa sauti za kilio ziliongezeka, na wanawake wakanitazama kwa namna fulani, kwa huruma iliyochanganyika na jambo jingine. Mama mkwe alikuwa amekaa chini kwenye choroko, ameshika kichwa. Saa tisa ikapita. Saa kumi ikapita. Kuna wakati mimi mwenyewe nilianza kuwaamini. Nikawaza, labda amekufa kweli, lori limelala mtaroni mahali fulani, na mimi nilikuwa nimetangulia kujua. Labda ndiyo maana wiki mbili hizi nilikuwa naiwahi saa saba.

Ilipokaribia saa kumi na mbili simu iliita, namba ngeni. Alikuwa yeye, kwa simu ya utingo wa lori jingine. Maji yalikuwa yamekata barabara karibu na Somanga, wamepanga foleni tangu alfajiri, simu yake imeisha chaji. Nikaweka spika. Mama yake akaichukua simu kwa mikono miwili, akasema, "Taja jina la baba yako."

Akalitaja. "Mama, kuna nini?"

"Taja la bibi yako mzaa baba."

Akalitaja na hilo, akicheka sasa. Mama mkwe akanirudishia simu, akalala pale pale chini kifudifudi. Nje mabenchi yakaanza kuburutwa tena, safari hii kwa kurudishwa, na hakuna aliyenisemesha. Jirani aliyenikumbatia alipita karibu yangu akaivuta kanga yake isiniguse.

Watu walipoisha mama mkwe alikaa, akafunga kanga yake vizuri. "Umemchuria mwanangu," akasema.

Nilikuwa nimechoka, na nikichoka ulimi wangu hauna breki. "Mama, kama kitambaa kinaua, wauza sanda wote wangekuwa gerezani."

Alianza kuokota choroko, moja moja, akiziweka kwenye pindo la nguo yake. Nikaona aibu, nikainama nikaokota naye. Tulipomaliza akasema, "Siondoki hapa mpaka aingie kwa miguu yake."

Kesho yake nilikuwa nimekata shauri sikai tena. Mkeka niliukunja nikauweka juu ya kabati. Lakini ilipofika saa saba sikuweza kutulia. Nilifagia palipofagiwa, nikaosha vyombo visafi. Mama mkwe alikuwa ananitazama tu kutoka mlangoni.

"Unangoja nini?"

"Singoji kitu."

"Umetazama saa mara tatu." Akaelekeza kidole juu ya kabati. "Hebu teremsha huo mkeka. Nionyeshe ulichokuwa unakifanya, nijue jinsi ya kukitengua."

Nilikaa. Aliniinamia, akanizunguka kama mtu anayekagua mbuzi mnadani, halafu akaguna. "Hivi ndivyo mnavyokaa huko kwenye michezo yenu? Kizuka gani huyu? Shingo yako imesimama. Wewe unasikiliza. Kizuka hasikilizi."

"Sisikilizi kitu, mama."

"Unasikiliza. Najua mtu anayesikiliza."

Akakaa nyuma yangu, sikumwona uso, na akaniambia jambo ambalo nadhani hakuwahi kumwambia mtu. Zamani, kabla hajarudi shambani Kitomanga, walikuwa wakiishi pwani ya Mchinga, na baba mkwe wangu alivua kwa baruti. Kila siku alikuwa akipika masikio yakiwa baharini. Ukilia mlipuko wa kwanza anangoja wa pili, ukichelewa anatoka nje na mwiko mkononi. Miaka kumi na minane. Hata akilala alikuwa hajalala. Siku waliyomletea mumewe ndani ya jamvi alilia mpaka sauti ikakauka, asikwambie mtu kwamba hakumlilia. Halafu wakamweka edani.

"Siku ya tatu nikalala," akasema. "Mchana. Nililala usingizi ambao sijaulala tangu niolewe. Masikio yangu yalipumzika." Nikasikia anavuta pumzi. "Usije ukamwambia mwanangu."

Akaniwekea vidole viwili nyuma ya masikio, pale shingo inapoanza. "Hapa ndipo, mwanangu. Legeza."

Nikalegeza.

Sikujua kama nilikuwa nimekaza. Miaka tisa nimekuwa nikisikiliza: honi barabarani, simu usiku, namba ngeni, hatua za mtu anayekuja bila kuzungumza. Nilikuwa nikipika, nikioga, nikicheka na wenzangu ghalani, na nyuma ya masikio kulikuwa na mtu amekaa macho. Pale mkekani akalala. Kichwa kiliteremka chenyewe, mabega yakateremka, mgongo ukapata uzito ambao mwalimu alikuwa akiniulizia mwezi mzima. Haukuwa uzito wa huzuni. Ulikuwa uzito wa mtu aliyefika. Na nikaelewa kile nilichokuwa nakingoja kila siku saa saba.

Mama mkwe alitoa vidole haraka, kana kwamba nimemuunguza. "Toka," akasema. "Toka humo sasa hivi." Akaniinua kwa mkono, akanivuta mpaka uani, akanimwagia ndoo nzima ya maji, nguo zikiwa mwilini, akisoma anayoyajua. Halafu ndoo ya pili.

Jumatatu ghalani nilicheza onyesho la shemeji kuja kuchukua funguo. Nilimweka mjane nyuma ya masikio, basi, sikufanya kitu kingine. Shemeji alitanguliza tumbo lake, akagomba, akapiga mlango, na mimi nikakaa. Katikati ya kugomba akasahau maneno yake. Wote wakawa wanatazama chini. Mwalimu alisema, "Hapo," kwa sauti ndogo, na nilimtegemea afurahi. Badala yake alinifuata nje wakati wa mapumziko akaniuliza, "Na huyu, unamtoaje?" Nikamwambia mama mkwe ananimwagia maji. Akasema vizuri, tusiache.

Mume wangu alirudi Jumatano, kwa miguu yake, akiwa na tope mpaka magotini. Majirani walikuwa wameshamsimulia njiani, naye alicheka mpaka machozi. Alijiita marehemu siku nzima, akaomba marehemu aongezewe mchuzi. Ijumaa alikuja ghalani kututazama, akakaa juu ya magunia na mama yake. Nilicheza onyesho lile lile. Nilipomaliza nilimtafuta kwa macho. Wenzangu walikuwa wakimpongeza yeye, kwa kuwa na mke fundi, na yeye alikuwa akitabasamu kama mtu aliyepewa zawadi asiyojua matumizi yake.

Nyumbani alikula vizuri. Akanawa. Halafu akasema, "Ulikuwa umetulia."

"Ni mchezo."

"Najua ni mchezo. Ila sijapata kukuona umetulia vile." Akajifuta mikono kidole kwa kidole. "Ni hizi safari, siyo? Zinakutia hofu."

Ningeweza kusema hapana. Badala yake niliinua sinia nikaanza kukusanya vyombo. Akasema basi, amepata dawa: kuanzia sasa atanipigia kila kituo. Akifika Nangurukuru anapiga. Somanga anapiga. Ikwiriri, Kibiti, Mkuranga. "Hutakuwa na haja ya kuwaza," akaniambia, na akanigusa shavu. Mama yake, aliyekuwa akisikia kutoka uani, aliacha kutwanga.

Alitimiza ahadi. Ni mtu wa kutimiza. Simu iliita Nangurukuru, iliita Somanga, na kila ilipoita niliitikia kwa furaha na kila nilipoikata nilianza kuhesabu hadi kituo cha mbele. Zamani nilikuwa na hofu moja ya safari nzima. Sasa nikawa nayo kwa vipande, kila saa kipande chake. Nilikuwa naingia na simu chooni. Ningemwambiaje aache? Alikuwa ananitendea wema.

Safari ya tatu, ziara yetu ya vijijini ikiwa imebakiza wiki moja, alipiga kutoka Ikwiriri saa tano asubuhi. Kibiti si mbali. Saa sita simu haikuita. Nikapiga mimi, haipatikani. Saa saba. Nikapiga mara nane. Mama mkwe, ambaye kwa sababu zake alikuwa bado hajaondoka kwetu, alianza kwenda na kurudi kati ya mlango na uani, tasbihi mkononi.

Mimi nilikuwa nachambua mchele. Nakumbuka nilikuwa na hofu, ile ya kawaida, mikono inatoka jasho mpaka punje zinanata. Halafu ikaisha. Sikuifukuza, sikufanya zoezi lolote, nilikuwa na gauni langu la kila siku na bangili mikononi. Niliendelea kuchambua. Nilimaliza mchele nikauosha, nikabandika, nikakata kitunguu vizuri, vipande vidogo vidogo. Jua lilikuwa limeingia jikoni. Nilisikia jogoo wa jirani, na nikawaza kwamba ni muda mrefu sijamsikia. Mama mkwe alisimama mlangoni akanitazama nilivyoinamia jiko, mabega yangu, shingo yangu, akanitazama kwa muda mrefu. Alirudi uani, na nikamsikia akijaza ndoo.

Saa kumi simu iliita. Tairi mbili zilipasuka kwa mkupuo, porini, hakuna mtandao. Alikuwa anahema, amekimbia mpaka kwenye mwinuko ili anipate. "Uliogopa sana?" akaniuliza. "Pole mke wangu. Uliogopa?"

"Sana," nikamwambia.

Akasema anakuja, nisiwe na wasiwasi. Mama mkwe alikuwa ameshafika mlangoni na ndoo yake, maji yakimwagikia miguuni, na alisikia nilivyojibu. Tangu siku ile hajaniita mwanangu. Simlaumu. Sikuwa nimeogopa. Tangu saa saba mchana nilikuwa nimeshamzika mume wangu, na nilipoisikia sauti yake, kitu cha kwanza kilichonipata, kabla ya furaha, kilikuwa hasira ya mtu aliyeamshwa usingizini.